Beseni la Tunu

Mwalimu alimkaribisha Mwajabu, sasa mwanafunzi wa chuo kikuu, awape nasaha wanafunzi wa kidato cha nne katika shule aliyosoma. Aliyopanga kuyasema aliyaacha alipoona, chini ya dawati la dirishani, miguu miwili ndani ya beseni la maji.

Ndivyo walivyofukuza usingizi hata enzi zake. Dawati lile lilikuwa la Tunu. Kila Tunu aliposinzia, Mwajabu, aliyeketi pembeni yake, alimwongezea maji baridi, asijue kwamba mwenzake ana homa. Tunu alizikwa kabla ya mtihani.

“Toa miguu, mdogo wangu,” Mwajabu alisema. “Ukichoka, lala.”

Darasa likacheka. Msichana wa dirishani hakucheka.

“Nikilala, dada, mwenzangu ananimwagia mengine.”

“Mwenzako yupi?”

Msichana akaonyesha kiti cha pembeni. Hakikuwa na mtu. Juu yake palikuwa na jagi, linadondosha maji.

Mwajabu akakisogelea kile kiti, alichokalia yeye enzi za Tunu, akainama kama anayemsemesha mtoto.

“Mwache alale,” alinong'ona. “Nakuomba, mwache alale.”

Jagi likadondosha tone jingine.