Konokono Juu ya Kufuli

Okullo alikuwa amelala kifudifudi kando ya barabara, Jumapili asubuhi, na shati la kanisani, akimsubiri konokono atoe pembe.

Konokono huyo alikuwa anapanda kufuli bovu lililotupwa chini ya ukuta. Kufuli lina kutu, konokono ana maringo, jua linapiga kutoka ubavuni. Okullo aliona kabisa kwamba ni Mungu aliyempangia. Kwenye kamera ilibaki nafasi ya picha moja tu. Siku hizo filamu ziliadimika Kampala kuliko sukari, na hii aliletewa na shemeji yake kutoka Nairobi, imefichwa ndani ya soksi. Aliitumia kwa uchoyo mkubwa: birika la mtaani Katwe lililoota nyasi mdomoni, unyoya wa kaloli, yule korongo wa majalalani, juu ya dimbwi, soli ya kiatu iliyogeuzwa nyumba na siafu. Ilikuwa kazi ya miezi, na yote ilikuwa humo ndani, haijasafishwa.

Aloyo, mkewe, alikwishakata tamaa. Fundi mzima wa mabehewa ya reli, alisema, anapiga picha takataka na watoto wake hawana hata moja ya kutundika ukutani. Majirani nao walimshangaa. Siku ya Idi, Uthman, askari jeshi aliyepanga nyumba ya pili, alimsimamisha mkewe Safinah na mtoto wao Zubairi mlangoni, wamependeza, akaja kumwomba Okullo awapige picha. Okullo akasema kamera imeharibika. Kesho yake Uthman akamkuta amechuchumaa, anapiga picha kifuniko cha soda. Tangu hapo salamu zikakatika.

Konokono akatoa pembe. Okullo akabonyeza.

"Wewe. Simama."

Alikuwa Uthman, na magwanda yake na bunduki, anakuja mbio kutoka kwenye lango la ule ukuta, alikokuwa zamu. Hapo ndipo Okullo alipokumbuka ukuta ule ni wa nani. Ndani yake kulikuwa na jumba la ghorofa ambalo watu walilipita wakiangalia viatu vyao, na magari yasiyo na namba yalikuwa yakiingia na kutoka. Lakini mwenye kamera akishaona konokono, hana habari na majumba.

Uthman akauliza anafanya nini hapo, kwa sauti ya gwaride, ingawa walikuwa wamesimama pua kwa pua. Okullo akasema anapiga picha konokono, afande. Uthman akainyakua kamera, akaigeuza huku na huku.

"Hii mlango ya nyuma, mimi nikifungua, inakuwa nini?"

Okullo alifikiri jirani ameanza kuvutiwa na ufundi. Akamweleza kwa upole. "Usifungue, afande. Mwanga ikiingia, picha inakufa."

"Yote?"

"Yote. Haiponi hata moja."

Uthman akatupa jicho juu, kwenye madirisha ya lile jumba. Kisha akaufungua ule mlango, akaivuta filamu nje kama mtu anayemtoa kuku matumbo, akaikung'uta juani mpaka mwisho. Akamrushia Okullo kamera na utepe wake, akamsukuma mgongoni na kumfokea aende nyumbani kwake.

Okullo alirudi nyumbani Nsambya analia waziwazi, na watu walimpisha wakidhani amefiwa. Alimchukia Uthman kwa moyo wake wote. Aloyo alimpa chai, akamwambia angewapiga wale jirani picha moja tu siku ya Idi, yasingemkuta.

Kesho yake wanaume wawili wenye miwani myeusi walimfuata karakana. Waliuliza kwa adabu, na adabu yao ndiyo iliyotisha. Walitaka picha alizopiga pale ukutani. Ghafla kila fundi akawa na kazi upande wa pili wa behewa.

Akawapeleka nyumbani. Utepe ulikuwa unaning'inia kwenye msumari sebuleni, maana hakuwa na moyo wa kuutupa. Mmoja akauinua dirishani, akaupitia wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hamkuwa na kitu.

Uchungu ukamshinda Okullo, hata woga ukamtoka. Akawamwagia yote. Kuna askari mwenye kinyongo cha sikukuu ya Idi, alisema, naye Okullo alimwambia kabisa kwamba mwanga unaua picha, na bado akafungua kusudi. Birika limekwenda, unyoya umekwenda, konokono naye amekwenda. Je, serikali haina sheria ya watu kama hao?

Aloyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho.

Wale wanaume wakatazamana. Halafu wakacheka, wakacheka sana, mpaka mmoja akavua miwani apanguse machozi.

"Huyo askari ni mjinga kabisa," alisema. "Lakini wewe unamshinda."

Wakauchukua ule utepe, wakaenda zao. Aloyo akakaa chini pale pale mlangoni. Okullo yeye alikuwa bado amenuna. Alitaka kujua kama Uthman ataadhibiwa.

Mchana Safinah akaja na sahani iliyofunikwa kitambaa. Okullo akajua amekuja kumwombea mumewe msamaha, akajiweka sawa kitini, tayari kukataa. Safinah akaiweka sahani mezani, akafunua. Kulikuwa na chapati, na juu ya chapati kulikuwa na filamu mpya, haijafunguliwa.

"Baba Zubairi anasema pole kwa kukusukuma," alisema polepole. "Siku ingine ukipata konokono, upe ile madirisha mgongo."