Sugua, Unuse

Sokoni watu walipishana kwa mabega. Mihogo ilirukaruka kwenye mafuta, muuza embe alikata vipande vya kuonjesha, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni. Mpishi Sikudhani aliyaona yote na kuyasikia. Harufu tu ndiyo hakuipata, siku ya ishirini sasa tangu homa imtoke, na kesho ndiye mpishi wa pilau ya harusi. Watu wakijua, nani atamwita tena?

Kwenye meza ya viungo, Mzee Shaibu alimwekea binzari nyembamba kiganjani.

"Haya, fundi. Sugua, unuse."

Sikudhani alisugua, akaleta kiganja puani.

"Ah! Hii ndiyo yenyewe. Nipimie nusu kilo."

Mzee Shaibu hakugusa mzani. Aliinama, akasema chinichini.

"Mwanangu, nimekutania kama kawaida yetu. Hiyo ni ya mwaka juzi, haina harufu hata kidogo. Siku zote huwa unanirudishia kwa matusi."

"Mafua tu, mzee."

"Mafua, na hata kamasi huna?"

Sikudhani alijipenyeza katikati ya watu mpaka kwenye matenga ya papa mkavu, ambako wanawake walipita haraka, kanga puani. Akainama juu ya tenga, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Dada, unanunua au unaswali?" muuzaji alimcheka.

Sikudhani aliinua kidole kumnyamazisha, akainama zaidi, akavuta tena.