Zawadi za Malkia

Nilikuwa nikirusha video mubashara nyumbani kwa mama, nikifundisha kufunga vilemba kwenye kona iliyobaki wazi tangu cherehani yake iende kwa fundi. Zawadi ya pesa ikaingia kutoka kwa Malkia. Mwaka mzima shabiki huyo mmoja ndiye aliyenilipia kodi ya nyumba.

“Asante, Malkia!”

“Haya, mwanangu,” sauti ikajibu nyuma yangu.

Niligeuka. Mama alikuwa ameishika simu mbali na macho, kidole kikiwa juu ya kioo.

“Mama! Pesa unatoa wapi?”

“Si hizo unazoniletea kila mwezi? Nakurudishia, zikuze kazi yako.”

“Mama, kila zawadi kampuni ya programu hii hukata nusu.”

Kidole kikabaki hewani.

“Nusu?” akauliza. “Hata zile nilizopata kwa kuuza cherehani?”