Kalamu Nyekundu ya Mama

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake ya uzamivu, Zamda alipiga simu chuoni akasema haji, wala wasimpangie siku nyingine. Dada wa kazi aliyekuwa akimwangalia mama yake alikuwa ameacha kazi, wa tatu mwaka huo.

Mama, mwalimu mstaafu aliyepotewa na kumbukumbu, alitulia tu akipewa cha kusahihisha. Zamda akamwekea tasnifu yenyewe mapajani, na kalamu nyekundu.

Mama alitia alama za vyema ukurasa kwa ukurasa hadi adhuhuri.

“Umefanya vizuri sana, binti,” alisema akimrudishia. “Kesho njoo na mama yako. Nataka nimpongeze.”

“Sawa, mwalimu.”

Zamda aliipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama, kama mwanafunzi ambaye hajaambiwa akae.