Waya wa Kukatia Sabuni

Bi Zamda alikuwa akikata mche wa sabuni kwa waya wa gitaa la mwanawe. Hiyo ndiyo kazi ya waya huo tangu bendi yake ya roki ivunjike. Mara Shomari akaingia na simu mkononi, kichwa mvi tupu, anahema kama mtoto.

"Mama, wimbo wetu ni wa tatu kwenye chati!"

"Ule wa makelele? Nani kaufufua?"

"Siku hizi redio haichagui. Kila ukisikilizwa kwenye simu unahesabiwa, hata uwe wa kale. Wenzangu wanataka tupige tena Jumamosi. Naomba waya wangu."

Bi Zamda akazidi kuukamata. Mara ya kwanza sifa zilimrudisha mwanawe amebebwa, chakari, na pombe ikachukua miaka kuachika.

"Baba, kidole cha simu kilichokupandisha ndicho kitakachokushusha. Siku hiyo utarudi hapa kwa miguu yako?"

"Nitarudi, mama. Na njaa yangu."

Bi Zamda akacheka bila kutaka. Akaufuta sabuni waya ule kwa kanga, akampa ncha moja. Ya pili hakuiachia bado. Shomari akaugusa ulivyonyooka kati yao, nao ukalia.