Taulo la Kocha Mbwana

Tangu Kocha Mbwana aondoke chuoni, timu haikushinda tena, wala taulo lake halikufuliwa. Lilining'inia msumarini katika chumba cha kubadilishia nguo, na kabla ya kila mechi wachezaji walijifuta nalo usoni, mmoja baada ya mwingine, wapate baraka. Leo walikuwa wamefungwa sita bila.

"Hamkujifuta vizuri," nahodha Lukelo aliwalaumu.

"Tulikuwa tunashinda kwa mazoezi, siyo kwa jasho la mtu!" kipa Nasibu alifoka. "Linanuka kama mzoga!"

Akalinyakua, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akalisugua huku amegeuza uso. Maji yakawa meusi tii.

Nahodha akachutama kando ya ndoo, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nani ana chupa?"