Siku ya Kuwarudisha Furu

Sheria inataka kila nyumba ya hapa kandokando ya ziwa ilee furu, samaki wetu wa asili waliomalizwa na sangara wa kuletwa. Sisi tulilea arobaini kwenye tangi la sebuleni, na leo ilikuwa zamu yetu kuwarudisha ziwani. Mke wangu Nyangeta alivaa kitenge kipya. Mtaa mzima ulitufuata.

“Baba Bwire, wamwage taratibu, wasishtuke,” aliniambia.

Niliinamisha ndoo. Furu wakatawanyika wakimeremeta, vigelegele vikapaa. Kisha sangara mmoja akapita, kivuli chake kikawafunika. Tukangoja wakimbie. Wote wakageuka, wakakifuata kivuli hicho midomo wazi, kama walivyozoea kufuata cha Nyangeta kila alipoinamia tangi kuwalisha.